'77 Live ya Les Rallizes Dénudés, kwa masikio ya fundi wa mitambo wa Kisumu

Kama mfuko wako unaruhusu rekodi moja tu ya Les Rallizes Dénudés, nunua '77 Live, na uhakikishe ni toleo la 2022 lililopitia mikononi mwa mwanamuziki na fundi wa sauti Makoto Kubota. Naanza na hukumu kwa sababu bendi hii ya roki ya Japani ina nakala za magendo nyingi kuliko rekodi zake halali. Mgeni akilitafuta jina lao mtandaoni anakutana na majalada chungu nzima, mengi meusi, kila moja likidai kuwa ndilo tamasha lenyewe. Mengi ya hayo ni kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, na kinachobaki ni mchakarisho, ile kelele ya kanda yenyewe. Hii ni tofauti kabisa, na nitaeleza tofauti yenyewe iko wapi.

Mimi hukodisha mitambo ya sauti hapa Kisumu. Stoo yangu iko upande wa Kondele, na wateja wangu ni matanga, harusi, mikutano ya injili na, msimu ukifika, wanasiasa. Miaka yote hii nimelipwa kwa jambo moja kuliko yote: spika zisilie. Maiki ikiielekea spika, sauti iliyotoka inarudi ndani ya maiki, mixa inaikuza, inatoka ikiwa kubwa zaidi, inarudi tena, na kufumba na kufumbua mlio umepasua hema, mchungaji amekatika katikati ya sala na kila mtu amegeuka kukutazama wewe. Mafundi wengi huiita fidibeki, vijana wangu husema tu, "imelia." Dawa yake ni kutafuta masafa yanayolia na kuyashusha kwenye ikwalaiza, kusogeza maiki, kugeuza spika, kupunguza sauti ya jukwaani. Asubuhi ya kila mazishi hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kabla hata ya kunywa chai.

Takashi Mizutani, aliyeanzisha Les Rallizes Dénudés na kuiongoza mpaka mwisho, alijenga muziki wake wote juu ya mlio huohuo ninaolipwa kuuzima. Aliliacha gita lilie, kisha akaukamata mlio na kuuimbisha. Nilipomsikia mara ya kwanza nilijua nasikiliza mtu anayeifahamu hatari hii vizuri kuliko mafundi wengi niliofanya nao kazi.

Nilifika kwake kupitia njia ya kaseti. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mazoea ya kwenda baa na redio kaseti begani, anaiweka juu ya meza karibu na jukwaa, anabonyeza, na benga inaingia pamoja na chupa, vicheko na mabishano ya watu. Alituachia katoni mbili za kaseti hizo. Nilikuwa natafuta namna ya kusafisha kanda ya ukumbini bila kuua ukumbi wenyewe, na katika kusoma kwangu jina la Kubota likawa linajirudia. Nikataka kusikia alichofanya. Kwa hiyo nilianza na fundi, bendi nikaikuta hapo kwake.

Bendi yenyewe ilianza mwaka 1967 kwenye Chuo Kikuu cha Doshisha mjini Kyoto, wakati wanafunzi wa Japani walikuwa wamewasha moto. Vyuo vilifungwa kwa vizuizi, na Rallizes walipiga kwenye mikusanyiko ya wanafunzi hao. Mpiga besi wa mwanzo, Moriaki Wakabayashi, alikuwa mmoja wa watu 9 wa kikundi cha mapinduzi cha Jeshi Jekundu walioiteka ndege ya Japan Airlines tarehe 31 Machi 1970, ikiwa safarini kutoka Tokyo kwenda Fukuoka, na mwisho wakafika nayo Pyongyang, Korea Kaskazini. Kila anayeandika kuhusu bendi hii hupenda kukaa hapo, na naelewa, lakini Wakabayashi hakuwa amebaki na sehemu yoyote katika muziki ninaousifia hapa. Mwaka 1977 bendi ilikuwa na watu wengine: Mizutani kwenye gita na sauti, Takeshi Nakamura kwenye gita la pili, Hiroshi kwenye besi, Toshiro Mimaki kwenye dramu. Hawa wanne ndio wa kutajwa.

Jambo linaloifanya bendi hii kuwa ya ajabu kwa mtu wa biashara ya sauti ni kwamba ilipiga muziki kwa takriban miaka 30, hadi 1996, bila kutoa albamu ya kawaida ya studio. Nyimbo zilikuwa chache na zilirudiwa mwaka baada ya mwaka, ukumbi baada ya ukumbi, zikibadilika umbo. Kwa muda mrefu kitu pekee halali cha kushika mkononi kilikuwa upande mmoja wa santuri ya pamoja iliyotoka mwaka 1973, Oz Days Live, iliyotengenezwa kuuaga ukumbi mdogo wa Oz pale Kichijoji, Tokyo. Halafu mwaka 1991 Mizutani akatoa sidii tatu kwa mpigo: moja ya rekodi za 1967 hadi 1969, moja ya nyimbo za taratibu, na '77 Live. Zikaisha sokoni, bei ikapaa, na pengo likazibwa na wenye magendo. Mizutani alifariki mwaka 2019, na dunia ikapata habari mwaka 2021. Baada ya hapo ndipo Kubota, aliyepata kupiga na bendi hii enzi za ujana wao, alipoanza kazi ya kufungua kanda rasmi na kuzitoa moja baada ya nyingine, kule Marekani kupitia lebo ya Temporal Drift.

Huyu Kubota si mgeni wa kazi ya kuokoa sauti. Amepiga na kuzalisha muziki wa kila namna, na ndiye aliyesimamia kazi ya kukusanya nyimbo za wazee wa kisiwa cha Miyako, kule Okinawa. Ukijua hilo, namna alivyoshika kanda hizi inaeleweka. Mtu aliyekaa mbele ya bibi kizee akimsubiri akumbuke ubeti haji kwenye kanda ya roki na panga.

Sasa rekodi yenyewe. Ilichukuliwa tarehe 12 Machi 1977 kwenye ukumbi wa elimu ya jamii wa Tachikawa, magharibi mwa Tokyo. Fikiria ukumbi wa kijamii wa mji, mahali pa mikutano na maonyesho ya shule. Nyimbo ni 7, muda wote unapita saa moja na nusu, na wimbo wa mwisho peke yake, "The Last One," unachukua dakika 25.

Rekodi inafunguliwa na "Enter the Mirror." Besi inaanza na noti chache, polepole, na hizo noti chache ndizo utakazozisikia hadi mwisho wa wimbo. Dramu inatembea nayo bila papara. Mizutani anaimba kwa sauti nyororo, iliyolowa mwangwi, kama mtu anayejisemea mwenyewe akiwa chumba cha pili. Halafu gita linaingia. Mwanzoni unadhani ni gita la kawaida lililoharibiwa kidogo, ila baada ya muda unagundua kwamba noti haikatiki. Mpiga gita wa kawaida anagusa uzi, uzi unalia, uzi unanyamaza. Hapa uzi haunyamazi, kwa sababu sauti ya ampu ni kubwa kiasi kwamba inautikisa uzi wenyewe, na uzi unaotikisika unairudishia ampu sauti, na mzunguko unajiendesha. Mizutani anachofanya ni kuuongoza. Mlio unapanda kutoka noti aliyoishika hadi noti iliyo juu yake, unakaa hapo, unayumba, na kabla haujawa ule mlio wa kutoboa masikio ninaoujua mimi, anaurudisha chini. Fundi akisikiliza sehemu hiyo anasogea mbele kwenye kiti. Mkono wangu wa kulia huwa unatafuta kitufe cha mixa wenyewe.

Nililijaribu hili kwenye mitambo ya kazi. Tulikuwa tunapakia vyombo kwenda matanga upande wa Seme, spika mbili za inchi 15 zikiwa zimeshasimama uani kwa majaribio, nikaweka "Enter the Mirror" badala ya wimbo wa injili tunaotumia siku zote. Mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye fundi wangu wa nyaya, akatoka mbio ndani ya stoo.

"Anti, zima! Kuna kitu kinalia!"

"Hakuna kitu. Sikiliza besi."

Akasimama. Akaenda kuangalia jeki moja, akaishika, akaiacha. Kisha akarudi akasimama mbele ya spika ya kushoto, mikono mfukoni, mpaka wimbo ukaisha. Akaniuliza tu, "Huyo mwenye gita alisimama umbali gani na ampu?" Hilo ndilo swali sahihi, na yeyote anayeuliza hivyo ameshaelewa muziki huu unatengenezwaje. Karibu sana, mlio unakimbia. Mbali sana, uzi unakufa. Hatua moja kushoto, masafa mengine yanaamka. Rekodi ya 1977 ni ya mtu anayetembea ndani ya eneo hilo dogo kwa saa nzima na zaidi bila kupotea.

Wimbo utakaowashangaza watu wa kwaya ni "Night of the Assassins." Besi yake ni ileile ya "I Will Follow Him," wimbo aliouvumisha Little Peggy March mwaka 1963 na ambao kwaya nyingi zimeupenda. Hiroshi anaipiga besi hiyo wazi, haijifichi, inarudi na kurudi kwa ukunjufu, na juu yake Mizutani anamwaga moto. Ukiisikia besi peke yake unaweza kupiga makofi. Nimeirudia sehemu hiyo zaidi ya nyingine zote kwenye sidii ya kwanza, kwa sababu inaonyesha wazi siri ya bendi: kitu kimoja lazima kitulie ili kingine kiweze kwenda wazimu. Sisi tuliolelewa na benga tumezoea kinyume chake. Kwenye benga gita la solo ni safi, kila noti inahesabika, na besi ndiyo inayorukaruka na kumvuta mchezaji kiunoni. Rallizes wameipindua. Besi imesimama kama nguzo, gita ndilo limelewa.

"Flames of Ice" ni mzito na wa kasi zaidi, na hapa ndipo napata kasoro ya kwanza ya kweli. Dramu za Mimaki zimezama. Unazisikia zikigonga nyuma ya ukuta wa gita, matoazi yamechanganyika na mlio kiasi cha kutotofautika, na goma kubwa la chini linasikika zaidi kwa hisia kuliko kwa sikio. Kanda ya namna hii haina njia rahisi ya kulitoa goma peke yake na kuliongeza; kila kitu kimeingia kwa pamoja. Kubota ameliacha lilivyo, na naona alifanya vyema, lakini msikilizaji ajiandae. Sauti ya kuimba nayo inamezwa mara kwa mara. Anayesikiliza muziki kwa ajili ya maneno atateseka, hata kama anajua Kijapani.

Halafu kuna "Memory Is Far Away," wa taratibu, na huo ndio nilioupa usiku wangu. Mwangwi kwenye gita unaifanya kila noti iache mkia mrefu, na noti inayofuata inapita ndani ya mkia huo. Ukiwa na spika ndogo za simu hutausikia. Tafuta hedifoni nzuri au spika zenye besi halisi.

"The Last One" ndio uliokuwa ukifunga matamasha yao. Dakika 25, mdundo mmoja mzito unaopigwa na kupigwa, na gita likiwa juu yake bila kupumzika. Najua wapo watakaosema hakuna kinachotokea. Mimi naushika kwa njia hii: sikiliza wimbo huu kama fundi aliyekaa kwenye mixa usiku kucha. Baada ya dakika kumi hivi sikio linaacha kufuata mdundo na linaanza kusikia ukumbi. Unasikia namna sauti inavyogonga kuta na kurudi, namna mlio unavyobadilika rangi Mizutani akigeuka, namna gita la Nakamura lililokuwa limejificha linajitokeza na kuzama. Mambo mengi mno yanatokea. Yanatokea polepole.

Na hapa ndipo kazi ya Kubota inapoonekana. Kabla ya kununua toleo hili nilikuwa nimesikiliza nakala za magendo za tamasha hilohilo ambazo watu wameziweka mtandaoni. Mwenye magendo ana tabia mbili. Ama anakata sauti zote za juu ili kuficha mchakarisho wa kanda, na gita linakuwa kama limefunikwa blanketi. Ama anapandisha kila kitu hadi ukutani ili ionekane ni kali, na masikio yanauma kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Katika nakala hizo besi ya Hiroshi ni mvumo tu, huwezi kusema ni noti gani. Kwenye toleo la Kubota besi ina mwanzo na mwisho, kidole kinasikika kikiacha uzi. Mlio wa gita una mwili, una kifua, hauko kooni tu. Na kanda bado inachakarisha! Sehemu tulivu unausikia mchakarisho wake, mwembamba, umetandazwa chini ya kila kitu. Angeweza kuuondoa wote, programu za kufanya hivyo ziko, hata mimi ninazo kwenye kompyuta. Ukiuondoa wote unaondoka na hewa ya ukumbi wa Tachikawa, kwa sababu sauti za ukumbi zinakaa mlemle ndani ya mchakarisho. Nimelishuhudia kosa hilo mara nyingi kwenye kanda za benga zilizorudishwa sokoni na watu wenye haraka: gita linametameta, lakini hakuna chumba, hakuna watu, unasikia wanamuziki wanaopiga ndani ya kopo tupu.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Kwa sababu sisi huku tunajua vizuri sana tofauti ya santuri na ukumbi. Santuri za benga za miaka ya 1970, zile ndogo za inchi 7, zilibeba dakika chache kila upande, ndiyo maana wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Ukitaka kucheza mpaka mwisho unageuza santuri. Ukumbini hakukuwa na kugeuza. D.O. Misiani na Shirati Jazz, ambao sauti yao tunaijua kwa vipande hivyo viwili viwili, walipiga kwa watu waliokuja kukesha. Misiani alifariki hapa Kisumu mwaka 2006 katika ajali ya barabarani, na ukitaka kumsikia akirefusha wimbo jinsi wachezaji walivyotaka, lazima utafute mtu kama mjomba wangu aliyekuwa na redio kaseti mezani. Mashabiki wa Rallizes walifanya kazi hiyohiyo. Waliingia na vinasa sauti, wakanakili, wakapeana. Magendo mengi ni mabaya, nimeshasema, lakini bila wale wa kwanza waliorekodi kwa mapenzi, jina la bendi hii lingekufa kabla ya 1991.

Kuhusu rekodi nyingine nitakuwa mfupi. The Oz Tapes, iliyotoka pia mwaka 2022, ni kanda za ule ukumbi wa Kichijoji mwaka 1973, zikiwamo zisizokuwa zimetoka kwenye santuri ya zamani. Chumba ni kidogo na unakisikia ni kidogo; mlio unarudi haraka, hauna mahali pa kwenda. "White Awakening" humo ni wimbo mpole na mzuri sana, na mtu anayeogopa kelele aanzie hapo. Umwekee mama mkwe, hatalalamika. Ni rekodi ya bendi inayotafuta kitu ambacho 1977 wameshakishika, ndiyo maana naiweka ya pili.

CITTA' '93 ni ya tarehe 13 Februari 1993, ukumbi wa Club Citta mjini Kawasaki, ikatolewa 2023. Kwa usafi wa sauti hakuna nyingine inayoifikia. Dramu ziko mbele, kila chombo kina nafasi yake, na kama wewe ni mtu wa mitambo mikubwa utaifurahia ukiifungulia spika za inchi 18. Lakini usafi huo una bei yake kwangu. Hatari imepungua. Kwenye '77 Live kila dakika nasikia kwamba mlio unaweza kumtoroka Mizutani; kwenye CITTA' najua hautamtoroka. Wapo marafiki zangu wa kazi watakaoipenda hii zaidi, na sitabishana nao kwa nguvu.

Kipo pia kipindi cha mwaka 1980, pale klabu ya Yaneura mtaa wa Shibuya, Fujio Yamaguchi wa bendi ya Murahachibu alipojiunga nao kwenye gita. Magita mawili yanajibizana, na mpenzi wa benga au rumba ambaye masikio yake yamezoea solo na rizimu kuzungumza atapata pa kushika humo haraka kuliko kwenye rekodi nyingine yoyote yao. Yamaguchi anapiga kama mtu wa roki ya zamani, noti zake zinakatika vizuri, na Mizutani analazimika kumwachia nafasi.

Kununua ukiwa huku si tabu. Mafaili yako Bandcamp kwenye ukurasa wa Temporal Drift, na nililipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, nikapakua usiku bando likiwa rahisi. Chukua mafaili makubwa yasiyobanwa. Ukichukua yale madogo ya kubanwa, mikia ya mwangwi kwenye "Memory Is Far Away" inaweza kuharibika na utakuwa umelipia nusu ya ulichokuja kutafuta. Santuri ni nzuri kushika lakini usafirishaji na ushuru vinaweza kuizidi bei yake yenyewe, na kama huna mashine ya santuri iliyotulia, ya kutotetemeka sakafu ikikanyagwa, besi hii itairusha sindano. Sidii inatosha kabisa kwa anayetaka kitu cha mkononi.

Usiifungulie sauti ya mwisho mara ya kwanza. Nasema hivi kama mtu anayeuza na kutengeneza spika. Mlio wa namna hii unaopigwa mfululizo kwa dakika 25 unazichosha tweta, zile spika ndogo za sauti za juu, kuliko muziki wa kawaida, kwa sababu nguvu inakaa juu bila kupumzika, na tweta za bei ya chini za pale soko la Kibuye zitaungua. Anza nusu. Panda taratibu ukisikiliza kama kuna harufu.

Nani asinunue? Anayetaka kitu cha kuweka nyuma watu wakila. Anayetaka nyimbo za dakika tatu. Aliye na mtoto mchanga na ukuta mwembamba. Wengine wote, hasa vijana wanaopiga gita makanisani na wanaotukanwa kila Jumapili kwa sababu ampu imelia, tafuteni "Enter the Mirror," mkae mbele ya spika na msikilize mtu aliyeamua kuujua mlio badala ya kuukimbia.

Mimi nimeanza na katoni ya kwanza ya mjomba. Kaseti zinapita kwanza kwenye deki safi, kichwa kimepanguswa kwa spiriti, halafu zinaingia kompyuta jinsi zilivyo, na sigusi mchakarisho mpaka niwe nimesikiliza kaseti nzima pande zote mbili. Mwenye kaseti za baa za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia au Kakamega, hata kama kifuniko kimepotea na mkanda umejikunja, asizitupe wala asimpe mtoto achezee. Aulize Kondele fundi wa mitambo mwenye kaseti za benga, atanipata. Nitazinakili bila malipo na kumrudishia zake.